Vitambaa Vidogo vya Kalembe

Mwezi uliopita nilirudisha ufunguo wa sentre yetu ya kufundishia kroshe. Walinipa kitenge, soda na hotuba ndefu, na ndani ya hotuba nikasikia kwamba mimi ni mwanamke shujaa. Nilitazama chini ili wasione ninavyocheka. Ninyi wasichana mnaobaki na benchi mmeniomba niwaandikie niliyojifunza kazini, basi tuanzie hapo: mimi ni mwoga. Nimefundisha kroshe Masisi, nimefundisha Kalembe, nimekaa kidogo Hombo, na sikumbuki msimu hata mmoja nilioumaliza bila kuogopa. Watu husema woga unazoeleka. Wangu sijauzoea hadi leo.

Habari za vyeo ziko ofisini, mwenye hamu akazisome huko. Mimi nitawaambia habari za uzi.

Siku yangu ya kwanza, Masisi, nilimwogopa Mama Adela. Alikuwa monitrisi wa pale, yaani mwalimu wa kazi, tangu kabla sijazaliwa, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi pembeni, na hakuwa na desturi ya kusalimia mtu kabla hajamtazama mikono. Alinitazama mikono, akaguna, akanipa waya wa gurudumu la baiskeli. Nikauliza wa nini. "Njo kroshe yako," akasema, yaani ndiyo sindano yangu ya kufumia. "Itengeneze." Kroshe za dukani zilitoka Goma, na barabara ya Goma mnaijua inavyofungwa. Kwa hiyo tuliukata ule waya, tukauchoma motoni, tukaupinda ncha, tukausugua juu ya jiwe mpaka usiwe na meno ya kuchana uzi, halafu tukauchomeka ndani ya kijiti cha mkaratusi ili usiumize kiganja. Yangu ya kwanza ilichana uzi kwa wiki nzima. Mama Adela alikataa kunipa nyingine. Alisema jiwe bado lipo.

Uzi nao ulikuwa wa kutafuta. Uzi wa pamba ulipokuja tulishukuru, na usipokuja tulinunua triko, yaani sweta, za mitumba, tukazifumua, tukauosha uzi na kuuning'inizia mawe ili unyooke. Nimewahi kufuma kwa nyuzi za magunia ya mchele. Sishauri.

Vitambaa vya kuwekea glasi vilikuja baadaye, kwa sababu mtu wa mjini aliviona mahali akavitaka. Sisi tulivifanya laini, na laini haifai: glasi ya maji baridi inatoa jasho, kitambaa kinagandama kwenye glasi, ukiinua kunywa kinakufuata mpaka mdomoni. Ndipo Mama Adela akaanza kutupa vinundu. Mnajua wenyewe namna yake: unafuma mara kadhaa ndani ya tundu moja, kisha unakusanya vyote kwa mvuto mmoja, na uzi unavimba juu. Glasi inakaa juu ya vinundu, hewa inapita, kitambaa kinabaki mezani. Ni kazi nzuri ukiwa na mkono ulio sawa. Ukivuta sana, duara linajikunja kama kikombe. Ukilegeza sana, linapeperuka pembeni na glasi inacheza.

Kwa ajili hiyo alikuwa na sheria ya benchi, na naomba msiiache. Mtu mmoja haanzi kitambaa na kukimaliza. Wa kwanza anafunga kitovu, mwanzo wa katikati, wa pili anazungusha, wa tatu anaweka vinundu, wa mwisho anamalizia ukingo. Kila mtu na mvuto wake, mkali na mlegevu wakikutana katika kitambaa kimoja wanasawazishana. Na juu ya meza palikuwa na chupa tupu ya bia, ya kupimia. Kitambaa kisichoenea tako la chupa kilifumuliwa papo hapo, bila neno. Siku mchungaji alipotutembelea, ile chupa ndiyo aliyoiona kwanza. Mama Adela alimwambia ni kipimo, na mchungaji akasema hata yeye anawajua watu wengi wanaokiita hivyo.

Mama Adela alipochoka macho walinituma mimi Kalembe kufungua sentre mpya. Kalembe iko mpakani, mguu mmoja Masisi, mguu mwingine Walikale, na kila aliyetaka kupita na bunduki alipitia hapo. Nilikwenda kwa sababu niliogopa kukataa. Nilipewa chumba kimoja nyuma ya kanisa, mabenchi mawili, na wanawake wa namna mbili. Kulikuwa na wanawake wa mashamba, watu wa pale pale kijijini, ambao mimi ni mmoja wao kwa kuzaliwa. Na kulikuwa na wanawake wa ng'ombe, walioshuka kutoka malishoni juu ya mlima siku ya soko, na maziwa kichwani. Ndani ya chumba waliulizana habari za watoto na bei ya chumvi. Wakitoka, kila kundi lilikuwa na njia yake, na hakuna aliyesindikiza mwingine.

Wawili mnapaswa kuwajua. Mapendo alikuwa wa mashamba, mama wa watoto wengi, mdomo mkali, mkono mzuri kuliko wote katika kufunga kitovu. Uwimana alikuwa wa ng'ombe, mjane, aliyekaa kule juu na binti yake Solanji kuchunga ng'ombe wa kaka yake. Kwa kuwa hawakuweza kushuka kila siku, nilimpa uzi aende nao nyumbani. Sheria ya benchi waliishika huko huko: mama alianza na kuzungusha, binti akaweka vinundu. Uwimana alikuwa na mkono mlegevu mno. Nilikuwa namtania kwamba vitambaa vyake vinaweza kuvaliwa kama shali. Alicheka, akafunika mdomo kwa kiganja.

Basi mwaka mmoja, wakati wa Kwaresima, siku ya soko, Uwimana akaniletea vitambaa vidogo. Nilivigusa nikadhani ni vya mtu mwingine. Vilikuwa vigumu, vimejikunja, kroshe isingepenya katikati ya matundu. Niliviweka juu ya meza, nikaweka chupa, havikuenea hata kimoja. Nikafanya kama nilivyofundishwa, nikavuta uzi na kuvifumua mbele yake, bila neno. Akakusanya uzi wake, akaondoka. Soko lililofuata ikawa vilevile. Na soko lililofuata hata wenzake wa kule juu wakaleta vidogo, wote, wakati benchi la wanawake wa mashamba lilikuwa linafuma kama kawaida.

Aliyesema kwa sauti ni Mapendo. Alikuwa amesimama karibu na meza, ametia mikono kiunoni.

"Mama Monitrisi, unaona hii? Bale ba kule juu bote, mikono imekazana. Siye mikono yetu iko sawa. Bo banajua kitu."

"Banajua nini?"

"Kitu kinakuya. Muntu anafuma hivi akiwa na habari kwa roho. Banajua, na habatuambie."

Nilimwambia aketi afunge vitovu. Lakini nilijua kwamba amesema kweli nusu. Mkono unaoogopa unavuta uzi, kila monitrisi anajua hilo. Nimeona vitambaa vya wiki za vita, vya wiki ambazo mume amepotea, vya msichana mwenye mimba ambaye hajamwambia mama yake. Uwimana alikuwa anaogopa. Sikujua anaogopa nini, na ile habari ikatoka chumbani kwetu ikaenda kisimani, ikatoka kisimani ikaenda kwa vijana.

Pasaka ikapita. Baada yake wanawake wa ng'ombe hawakushuka tena sokoni, na maziwa hayakushuka. Ninyi ambao hamkukaa Kalembe hamwezi kujua kimya kile kilivyokuwa. Mahali pao pa kuuzia palibaki na majani makavu tu, na watu walipapita kwa kuzunguka. Vijana wakasema sasa imejulikana wazi, wale wamefanya mpango na watu wa silaha, tuwatangulie kabla hawajatutangulia. Nikawaona wananoa mapanga mchana kweupe, mbele ya kanisa, na wazee wanawapita wakijifanya hawaoni. Mzee mmoja tu aliwaomba wangoje hadi soko linalofuata.

Nililala vibaya. Sikuwa naogopa tena kitu nisichokijua, nilikuwa naogopa kitu chenye jina: vijana wetu watapanda kule na kumkata Uwimana na mtoto wake, na ushahidi wao utakuwa vitambaa vilivyopimwa juu ya meza yangu. Kwa hiyo nikachukua mfuko wa uzi, kama mtu anayepeleka kazi, nikapanda mlima. Msiniite shujaa. Nilisimama mara nyingi njiani, na mara mbili niligeuka kabisa.

Mikaratusi ya mlimani ilipoisha nikasikia ng'ombe wakilia kwa maziwa kuwajaa. Baadaye nikaona nguo za wanaume zimeanikwa juu ya ua wa Uwimana, suruali za rangi ya msitu, na bunduki zimeegemezwa ukutani mahali anapowekaga vyombo vya kukamulia. Miguu ikataka kurudi yenyewe. Lakini walikuwa wameshaniona, na mtu akikimbia mbele ya watu wale anakuwa amejibu swali ambalo hajaulizwa.

"Karibu, Mama Monitrisi," Uwimana akaniambia kutoka mlangoni. Alinisalimia kwa mikono miwili, kwa sauti ya kanisani, kama tuliokutana jana tu. Uso wake ulikuwa umepungua. Solanji alikuwa nyuma yake na chungu cha maziwa, hakuinua macho.

Mkubwa wao alikuwa amekaa kwenye meza ya Uwimana. Wenzake walimwita shefu, nami nitamwita hivyo. Mbele yake palikuwa na kikombe cha plastiki kilichojaa maziwa, na juu ya kikombe kitambaa chetu. Hapo nieleze jambo ambalo lilinikera miaka mingi. Watu wa ng'ombe hawaweki kitambaa chini ya kikombe. Kwao maziwa hayakai wazi, inzi na vumbi na macho ya watu si vitu vya kuachiwa maziwa, kwa hiyo kila kitambaa tulichowafundisha kuweka chini, wao walikiweka juu. Ndiyo sababu vitambaa kutoka kule vilinukia maziwa, na mnunuzi wa Hombo aliniuliza kama tunafumia ndani ya zizi.

"Weye njo unafundishaka hii kazi?" shefu akaniuliza. Alikuwa anavibonyeza vinundu kwa kidole kimoja kimoja.

"Ndiyo, shefu. Ni miye."

"Ni ya muzuri. Mukubwa wangu atakuya huku. Minataka za mupya, za uzi mweupe, za meza muzima."

Nikasema ndiyo. Ningesema ndiyo kwa lolote. Ndipo Uwimana akaja kunifungia mfuko wangu wa uzi, ambao haukuhitaji kufungwa, akainama karibu na sikio langu. Alisema haraka, midomo haikusogea. "Bakitoka hapa, banabeba Solanji. Ya kupika. Alishaniambia."

Solanji alikuwa na umri ambao nyote mnaujua, umri ambao wasichana hawabebwi kwa ajili ya kupika. Sijui neno lilinitoka wapi. Nafikiri lilitoka kwa Mama Adela.

"Shefu," nikasema, "ile kazi haifanywe na muntu moya. Kwetu muntu moya haanzi na kumaliza. Huyu mama njo anaanza, huyu mutoto njo anaweka vinundu. Na uzi mweupe iko ku sentre. Uniachilie bo bawili tushuke, tufanye, tukuletee."

Alimtazama Solanji, kisha akanitazama mimi.

"Kuanza, weye utaanza," akasema. "Mutoto aende, aweke vinundu. Mama atabaki. Siku ya soko isipite. Ukirudi na kazi, unabeba mama. Usiporudi…" Akafunika kikombe chake, akaliacha neno hapo.

Uwimana hakulia. Alimfunga Solanji kitambaa kichwani, akamnyoosha kola, akamwambia kwa Kinyarwanda maneno machache ambayo sikuyaelewa na sikuuliza. Tulishuka bila kukimbia, kwa sababu walikuwa wanatutazama, na mgongo wangu wote ulikuwa unangoja risasi mpaka tulipoingia tena kwenye mikaratusi. Ndipo mtoto akatapika.

Kalembe niliwaambia yote, mbele ya kanisa. Kule juu kuna watu wa silaha, wamewashika watu wa ng'ombe kama walivyoweza kutushika sisi, wekeni mapanga chini, fungeni mizigo. Vijana walimtazama Solanji. Mchana ule ule kijiji kizima kilishika njia ya Mpofi, kijiji jirani, na magodoro, kuku na sufuria, na tulipofika tukapewa madarasa ya shule ya kulala. Mimi nilibeba uzi mweupe, kroshe na chupa yangu ya bia. Watu walifikiri nimeanza kunywa.

Sasa kazi. Kesho yake niliketi chini darasani na Solanji, nikaanza kufunga vitovu, na mikono yangu ikakataa. Kitovu kilifunga ngumi. Nikafumua, nikaanza, nikafumua. Wanawake wa benchi langu walikuwa wamekaa ukutani na watoto wao, wananitazama. Niliwaambia kwa nini ninafuma, ni maisha ya nani. Mmoja alisema hawezi kutengenezea muuaji pambo la meza, na hata mimi nilifikiri hivyo.

Mapendo akainuka, akaja akaketi mbele yangu, magoti yakagusa yangu.

"Leta," akasema.

"Leta nini?"

"Kitovu. Weye hauwezi kufunga kitovu, tangu zamani. Hii siifanye ju ya ule mwanaume. Ni ju ya huyu mutoto, anakataa kula, ananikera."

Wengine walisogea mmoja mmoja. Benchi halikuwepo, tukakaa sakafuni kwa mstari, kitovu kikatoka kwa Mapendo, kikazungushwa, kikafika kwa Solanji akaweka vinundu, kikaja kwangu ukingo. Hatukuimba kama tunavyoimbaga. Tulisikia tu kroshe zikigongana na kucha. Vitambaa vilipotimia meza nzima nikaweka chupa juu ya cha kwanza, na chupa ikaonekana imekaa juu ya kofia ya mtoto mchanga. Vyote vilikuwa vidogo. Vyote vimejikunja. Mikono ya watu wa mashamba, mikono ya Mapendo, yote ilikuwa imevuta uzi vilevile kama ya Uwimana, na muda wa kufumua haukuwepo.

Niliondoka alfajiri peke yangu. Solanji alitaka kuja, Mapendo akamshika mkono akamkalisha. Sikumbuki vizuri ile njia. Nakumbuka Kalembe tupu, mlango wa sentre unapiga piga, na mbuzi mmoja aliyesahauliwa akanifuata mpaka mwanzo wa mlima kisha akaamua kubaki, akili alikuwa nayo kuliko mimi.

Walikuwa wanafunga vitu vyao. Hilo lilinitisha zaidi ya kuwakuta wamekaa, maana mtu anayeondoka hana haja ya kutunza chochote. Uwimana alikuwa ameketi chini, karibu na ukuta wa nyumba yake mwenyewe, kama mgeni. Akaniona, akatazama nyuma yangu, akaona niko peke yangu bila Solanji, akafumba macho. Nilielewa kwamba hilo ndilo aliloliomba.

Shefu akapokea mfuko, akamwaga vitambaa mezani. Akachukua kimoja, akakiweka, akaweka kikombe juu. Kikombe kikainama, maziwa yakamwagika mpaka kwenye ukingo wa meza, yakadondoka juu ya kiatu chake. Kijana aliyekuwa mlangoni akaacha kupiga mluzi.

"Hii ni nini?" shefu akaniuliza taratibu. "Ulinifanyia hii ju ya kunichezea?"

Miaka yangu yote ya kuwafundisha watu vipimo, na pale sikuwa na kimoja cha kujitetea. Niliwaza tu kwamba nimeleta kifo cha mtu ndani ya mfuko.

Uwimana akasimama. Alikuja mezani polepole, kama anavyokaribia ng'ombe mwenye ndama, akafuta maziwa kwa ncha ya kitenge, akamimina mengine, akajaza. Kisha akachukua kile kitambaa kilichojikunja, akakigeuza, akakivisha juu ya kikombe. Kikaingia. Kilibana mdomo wa kikombe pande zote, vinundu vikatokeza nje, na hata ukikitikisa hakitoki.

"Si ya chini, shefu," akasema, macho chini. "Ni ya juu. Njo maana iko mudogo. Ya maziwa iko hivi. Mukubwa wako akiwa muntu wa heshima, atajua."

Shefu akakitikisa kikombe. Akakiinua, akakitazama kwa chini. Akacheka kidogo puani, na yule kijana wa mlangoni akacheka kwa kuwa shefu amecheka.

"Mubebe," akaniambia.

Sijui kwa nini alishika neno lake. Nimewahi kufikiri kwamba watu wa namna ile hushika ahadi ndogo ili walale. Sikukaa kumuuliza. Uwimana hakuingia hata ndani kuchukua sufuria. Tulipita mbele ya bunduki, tukapita ua, tukapita mikaratusi, tukavuka Kalembe na kushika njia ya Mpofi. Pale tukakaa juu ya jiwe, yeye akanishika mkono kama mgonjwa ni mimi.

Nilimwuliza ili tu kuwe na sauti. "Bale bantu, balikuya kwako lini?"

"Siku ya Pasaka. Siku ile ile tulitoka kanisani, tukabakuta."

Nikaitikia. Tukainuka, tukaendelea kutembea. Njia ilikuwa na matope, nilitazama mahali pa kukanyaga, na nikawa napiga hesabu bila kutaka. Kisha nikasimama.

"Mama Solanji. Vitambaa vya kidogo ulinileteaka mu Kwaresima. Wakati ile bale bantu balikuwa babado kufika."

Alichukua kijiti akakwangua tope kwenye kiatu, akakwangua na kingine.

"Babado," akasema. "Wakati ile tulikuwa tunaogopa nyinyi. Kijana moya wa kwenu alimwambiaka Solanji ku maji: munanoa mapanga, mutapanda kutukata. Hatukukuwa tunalala. Minafuma, minasikiliza mulango. Minafuma, minasikiliza." Akatupa kijiti. "Nilikuwa ninakuletea. Unavuta uzi, unafumua. Miye minasema mu roho, leo ataniuliza. Haukuulizaka."

Tuliendelea. Wanaume wa silaha walikuwa nyuma yetu, na mbele yetu ilikuwa Mpofi, shule, na watu wangu wote ndani yake.

Tulifika kabla jua halijazama. Vijana walikuwa wamekaa nje kwenye ngazi za shule, mapanga yao kando, kwa kuwa waliyatumia kukata kuni. Walipotuona wakasogeza miguu kutupisha. Kupitia mlango niliweza kumwona Solanji amelala kichwa juu ya paja la Mapendo, na Mapendo anafuma juu ya kichwa chake ili asimwamshe. Nikasema, "Mutoto wako ule pale." Uwimana alimwona. Mikono yake ikanyooka mbele kabisa, lakini miguu haikusogea.

Alikuwa anawatazama wale vijana. Nilimwona anavyowatazama, na nilikuwa nimekwisha kuona macho yale siku ile, kule juu, pembeni ya ukuta.

"Mama Monitrisi," akaniambia chini kwa chini, "tangulia weye. Bakuone weye mbele."

Nami niliogopa. Nilikuwa mlangoni mwa watu wa kwetu, wanaojua jina la baba yangu, na niliogopa kuliko nilivyoogopa mezani kwa shefu. Akashika ncha ya kitenge changu kwa nyuma. Nikatangulia.